Mji wa Mawe na Mji wa Miti

Mwaka 1966 Peter Garlake, msanifu majengo aliyegeukia elimu ya mambo ya kale, alichapisha kitabu juu ya usanifu wa Kiislamu wa zamani katika pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya thamani ya kitabu hicho imo katika michoro yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo jicho la mpita njia huyaona kuwa ni vifusi vilivyozongwa na miti, humo yanasomeka ukuta kwa ukuta na mlango kwa mlango.

Kwa kazi ya namna hiyo mji husomwa kama isomwavyo nasaba. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kwa ukumbi mdogo wa upande wa kaskazini, katika karne ya 11 au ya 12. Mwanzoni mwa karne ya 14, biashara ya dhahabu ya Sofala ilipokuwa mikononi mwa Kilwa, ulipanuliwa kuelekea kusini katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sultani huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa juu ya jabali linaloikabili bahari, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Upanuzi wa msikiti ulibomoka, nao ukajengwa upya katika karne ya 15. Mchoro wa msanifu huipa kila awamu mstari wake, na mamia ya miaka yakaenea katika karatasi moja.

Lakini Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, sultani huyo angali kwenye enzi. Aliusifu mji kwa uzuri wake, kisha akaandika kwamba majengo yake ni ya miti. Kauli hiyo imewatatiza wengi, kwani mawe yapo na yanaonekana. Jawabu limo ardhini. Uchimbaji wa Neville Chittick ulionyesha kwamba Kilwa ilikaliwa karne kadhaa kabla ya kuta za mawe, katika nyumba za miti na udongo. Hata huko Songo Mnara, kisiwa jirani, utafiti wa miaka ya karibuni umekuta alama za nyumba za udongo katika nafasi zilizodhaniwa kuwa wazi. Msanifu alipima kilichosimama. Msafiri aliwaona watu wengi mahali walipolala.

Ikiwa Kilwa yenyewe ilikuwa na mji wa miti kando ya mji wa mawe, itakuwaje kwa miji iliyokuwa ya miti mitupu? Mfano wake uko mbali na pwani, mkoani Kagera. Mwishoni mwa mwaka 1861 John Hanning Speke na James Grant walipita Rusubi, nchi ambayo watu wa misafara waliiita Usui, upande wa wilaya ya Biharamulo ya leo. Mtawala wake, Suwarora, aliwatoza hongo, wala hakuwaruhusu kumwona. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, Speke anaeleza makao ya mtawala: maduara matatu ya minyaa, moja ndani ya jingine, mwenyewe akikaa duara la katikati, na nyumba za wakubwa na watumishi zikipangwa mafungu mafungu, kwa nafasi ya kulaza ng'ombe usiku. Hiyo ni ramani iliyochorwa kwa maneno. Inaonyesha nani afike wapi na nani aishie mlangoni, jambo lile lile ambalo Husuni Kubwa ililisema kwa nyua na kuta zake.

Ngara, wilaya jirani, imepata kuona mji mwingine usioacha ukuta. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku chache, na kambi ya Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Ilikuwa na njia, masoko na mitaa. Desemba 1996 wakazi wake walirudishwa kwao, na maturubai yakaondolewa.

Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia, na jina zilizopewa humo ni la magofu. Heshima hiyo ni ya haki. Hasara huja pale mizani hiyo hiyo inapotumiwa kuamua kwamba pasipo gofu hapakuwa na mji, wala utawala, wala mpango. Kuta za Kilwa zilimsubiri mpimaji kwa mamia ya miaka. Habari za Rusubi na Ngara zimo vichwani mwa wazee. Nazo zahitaji kuandikwa, na kuchorwa, wakiwa hai.