Injili ya Dominika za Kwaresima Fizi na Baraka

Kwa Wakatoliki wa Fizi na Baraka, katika Kivu, mashariki mwa Kongo, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kutafakari Injili ya Dominika wakati wa Kwaresima ni kazi ya waamini wenyewe kama ilivyo kazi ya padri. Majirani wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya kikristo ya mtaa au kijiji, hukusanyika uani kwa mmoja wao, husoma Injili ya Dominika inayokuja, na kila mwenye neno hulisema. Miaka sabini iliyopita jambo hili halikuwapo. Limezaliwa na mambo mawili yaliyokutana katika kizazi kimoja: mageuzi ya liturujia yaliyotoka Roma, na uhaba wa mapadri katika nchi iliyopigwa na vita mara kwa mara.

Mbegu ya kwanza ilipandwa mapema. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, jumuiya iliyoanzishwa na Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walitoka Bagamoyo mwaka 1878 na kufika Ujiji Januari 1879. Mwaka 1880 walikuwa wamekwisha kuvuka ziwa na kufungua kituo Mulweba, katika nchi ya Masanze, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Kibanga kwenye ghuba inayoitwa Burton, ile inayotenganisha bara na rasi ya Ubwari. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita ziwani, na wengi wa wakazi wa kwanza wa Kibanga walikuwa watu waliokombolewa, watoto wengi miongoni mwao. Lavigerie aliagiza mafundisho ya ubatizo yachukue miaka minne, sharti zito kwa wakati ule, na lenye busara: hakutaka watu wabatizwe kwa hofu au kwa shukrani tu. Kibanga haikudumu. Miaka kumi hivi baadaye iliachwa, na baadhi ya watu wake wakahamia kusini, Baudouinville, ambayo leo ni Moba.

Katika enzi hiyo, na kwa miongo mingi iliyofuata, Misa ilikuwa ya Kilatini. Waamini walisikia maana ya Injili padri alipohubiri kwa Kiswahili, au katekista alipoeleza siku za mafundisho. Masomo yenyewe yalikuwa yale yale kila mwaka. Dominika ya kwanza ya Kwaresima ilikuwa ya Yesu kujaribiwa jangwani, ya pili ya kugeuka sura mlimani, ya tatu ya kutolewa kwa pepo bubu, ya nne ya mikate mitano na samaki wawili. Dominika ya tano, iliyoitwa Dominika ya Mateso, ilikuwa na mabishano ya Yesu na Wayahudi kutoka Yohana sura ya 8. Habari za mwanamke Msamaria kisimani, za kipofu tangu kuzaliwa na za Lazaro zilikuwamo katika misale, lakini ziliwekwa siku za kazi za juma la tatu na la nne. Mvuvi wa Baraka au mkulima wa mihogo wa milima ya Wabembe, anayefika kanisani Dominika tu, angeweza kuzeeka bila kuzisikia zikisomwa katika Misa. Hapo ndipo mageuzi yaliyokuja yanapoonyesha uzito wake.

Wasaveri, wamisionari wenye asili yao Parma, Italia, waliingia Kongo mwaka 1958. Tarehe 16 Aprili 1962 diyosezi ya Uvira iliundwa, Fizi na Baraka zikiwa ndani yake, na Msaveri Danilo Catarzi akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa. Konstitusio juu ya liturujia, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, iliagiza waamini wafunguliwe kwa wingi hazina ya Maandiko, ikaruhusu lugha za watu katika Misa.

Kabla agizo hilo halijafika ufukoni, uasi wa wapiganaji walioitwa Simba, dhidi ya serikali, ulifika. Jumamosi tarehe 28 Novemba 1964, mchana, kiongozi mmoja wa waasi aliingia kwa gari katika misheni ya Baraka. Alimwamuru bruda Vittorio Faccin, Msaveri mwenye umri wa miaka 30, apande gari. Faccin alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akisikiliza maungamo kanisani, alitoka nje, akaamriwa naye apande. Alichagua kufa karibu na ndugu yake, na hapo hapo akauawa. Jioni ile ile gari lilipanda Fizi. Padri Giovanni Didonè alifungua mlango na kuuawa, na pamoja naye padri Albert Joubert. Huyu wa mwisho alikuwa mtoto wa ziwa hili hili: alizaliwa mwaka 1908 upande wa Moba, baba yake akiwa kapteni Joubert, askari Mfaransa aliyekuja kulinda misheni za Mapadri Weupe dhidi ya wauza watumwa, na mama yake Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi hiyo. Alipewa upadri mwaka 1935. Siku iliyofuata mauaji hayo ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, na misale ya wakati ule iliweka siku hiyo Injili ya Luka sura ya 21, juu ya ishara katika jua na mwezi na dhiki ya mataifa.

Kanuni mpya za lugha zilianza kutumika tarehe 7 Machi 1965, nayo ilikuwa Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Siku hiyo Papa Paulo VI aliadhimisha Misa kwa Kiitaliano katika parokia moja ya Roma. Fizi na Baraka zilikuwa bado mikononi mwa waasi, na vifo vya watu wanne wa misheni havijatimiza miezi minne. Kwa sababu hiyo haifai kuhesabu mwanzo wa liturujia ya Kiswahili mahali hapa kwa tarehe ya Roma. Ilianza kwa kuchelewa, katika mazingira ya parokia zilizojeruhiwa. Hata jeshi la serikali liliporudi, milima haikutulia: mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha waasi, PRP, na kwa miaka mingi sehemu ya Fizi iliishi chini ya wapiganaji wake wa msituni.

Mpangilio mpya wa masomo ulitolewa Mei 1969 na kuanza Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 30 Novemba mwaka huo. Dominika zikawa na masomo matatu badala ya mawili, katika mzunguko wa miaka mitatu: mwaka A wa Mathayo, mwaka B wa Marko, mwaka C wa Luka. Jangwa na mlima vilibaki katika Dominika mbili za kwanza za Kwaresima kila mwaka. Baada ya hapo njia zinaachana. Mwaka A, Msamaria, kipofu na Lazaro walitolewa siku za kazi na kuwekwa Dominika ya tatu, ya nne na ya tano, kwa kuwa ndizo Injili za kale za kuwaandaa wakatekumeni kwa ubatizo wa Pasaka. Mwaka B husoma Yohana juu ya hekalu, juu ya nyoka wa shaba, na juu ya punje ya ngano. Mwaka C una mtini usiozaa, mwana mpotevu, na mwanamke aliyefumaniwa. Kwa mtazamo wa mafundisho, mwaka A ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa sababu unafuata hatua kwa hatua safari ya mtu anayeomba ubatizo: kiu, kuona, kufufuka.

Lakini kitabu peke yake hakitafakari. Aliyeyafikisha masomo hayo vijijini ni katekista. Padri anaposhindwa kufika kwa sababu ya umbali, barabara mbovu au risasi, katekista huongoza ibada ya Neno: masomo, maelezo mafupi, sala za waamini, Baba Yetu. Vatikano ilitoa mwongozo wa ibada za namna hiyo tarehe 2 Juni 1988, wakati vijiji vingi vya Kongo vilikuwa vimekwisha kuzizoea.

Shirika lilikuwa hatua ya pili. Maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya hai za waamini kuwa msingi wa uchungaji wao tangu mwaka 1961, na katika Kivu uchaguzi huo ulitia mizizi. Kikao chenyewe ni rahisi. Mara nyingi hufuata hatua saba zilizoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Huanza kwa sala, kisha Injili husomwa mara moja. Watu hurudia kwa sauti neno au kifungu kilichowagusa, mmoja baada ya mwingine, bila maelezo. Hufuata kimya, kusomwa tena, na kushirikishana. Kabla ya sala ya mwisho shirika hukubaliana tendo la juma: kumtembelea mgonjwa, kupatanisha majirani waliogombana, kuchangia familia iliyofiwa. Katika Kwaresima tendo hilo huungana na mfungo na sadaka, kwa hiyo tafakari haiwezi kuishia kwenye maneno.

Baadhi ya Injili huingia kwa urahisi mahali hapa. Ufuko wa Fizi ni eneo ambalo kipindupindu hurudi rudi, na watu wanajua maji safi yanavyotafutwa. Mazungumzo ya kisimani, ya mtu aliyechoka anayeomba maji saa sita mchana kwa mwanamke wa kabila lisilopatana na lake, hayahitaji utangulizi mrefu. Hilo la kabila ndilo gumu zaidi kulihubiri, katika nchi ambamo Wabembe, Wafuliiru na Wanyamulenge wamezikana mara nyingi kwa sababu ya vita, na ndilo linalostahili kuhubiriwa kuliko yote.

Kukimbia nako si jambo geni kwa wanaosikiliza Injili hizi: vita vya mwaka 1996 viliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi, hadi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Tangu mwaka 2015, kwa upande mwingine, Fizi yenyewe imepokea wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda.

Kipindi kinachofuata Kwaresima kina tabia yake. Kuanzia Pasaka hadi Pentekoste, siku hamsini, somo la kwanza la Dominika halitoki Agano la Kale bali Matendo ya Mitume. Waamini husikia kanisa changa lisilo na majengo, linalokutana nyumbani kwa watu, likigawana mali na kukimbia mateso. Dominika ya tatu ya Pasaka, mwaka A, Injili ni ya wanafunzi wawili njiani kwenda Emau, waliofafanuliwa Maandiko kabla ya kuumega mkate. Baada ya Pentekoste, masomo hurudi kwenye Injili ya mwaka husika, sura baada ya sura, mpaka Kristo Mfalme.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza Carrara, Didonè, Faccin na Joubert kuwa wenye heri. Katika kalenda siku hiyo ilikuwa Dominika ya 20 ya mwaka B, ambayo Injili yake ni Yohana 6:51-58, juu ya mkate wa uzima.