"Si Dini, ni Falsafa": Historia ya Sentensi Moja

Ukikaa Nairobi muda wa kutosha, utakutana na mtu atakayekuambia kwamba haendi kanisani wala msikitini, ila anafuata mafundisho ya Budha. Ukimuuliza kama ameingia dini hiyo, atakataa haraka: "Zii, Ubudha si dini. Ni falsafa." Mimi mwenyewe huitumia sentensi hiyo, hasa kwenye mikutano ya familia, ambako kusema umehama dini ni kuitisha kikao cha wazee. Ukisema falsafa, shangazi anaguna tu na kukuongezea chai.

Watu wengi huchukulia kwamba maneno haya yaliletwa na Wazungu wa miaka ya 1960, wale wa nywele ndefu na ubani. Ni ya zamani zaidi ya hapo. Waliokuwa na haja nayo kwanza walikuwa Waasia waliotawaliwa, waliokuwa wakitafuta namna ya kumjibu mmishenari. Stori yao inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na maneno yenyewe. "Dini" na "falsafa" yote mawili yalitufikia kupitia Kiarabu, na hilo la pili Waarabu walilipata kwa Wagiriki. Budha hakuwa na hata moja. Katika Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabudha, kuna "dhamma", neno linalobeba mafundisho, ukweli na mwenendo mwema kwa mpigo. Wajapani nao, waliokuwa Wabudha kwa zaidi ya miaka 1,000, hawakuwa na neno la falsafa hadi msomi Nishi Amane alipobuni "tetsugaku" katika karne ya 19 ili aweze kutafsiri vitabu vya Ulaya. Kwa hivyo kwa karne nyingi hakuna mtawa aliyekosa usingizi akijiuliza kama Ubudha ni hiki au kile. Swali lilifika na meli za wakoloni.

Lilibana zaidi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1815 Waingereza waliuchukua ufalme wa Kandy na kutia sahihi mkataba ulioahidi kuilinda dini ya Budha. Wamishenari walipiga kelele: serikali ya Kikristo inalindaje ibada ya sanamu? Pole pole serikali ikajitoa. Shule nzuri zikawa za misheni, na kazi za ofisini zikaenda kwa waliosoma huko. Ndiyo maana mtoto wa familia ya Kibudha mjini Colombo, aliyezaliwa 1864, aliitwa Don David Hewavitarne. Sisi ambao babu zetu walipewa jina la ubatizo kabla ya kupewa dawati, hatuhitaji kuelezewa zaidi.

Mwaka 1873 mambo yalifika kilele katika mji wa Panadura. Mtawa mmoja, Migettuwatte Gunananda, alikaa jukwaani siku mbili akijadiliana na mchungaji wa Kimethodisti, David de Silva, mbele ya maelfu ya watu. Gunananda alikuwa msemaji hodari na alikuwa ameisoma Biblia vizuri, akaitumia. Wabudha waliondoka pale wakishangilia. Taarifa ya mjadala ule ikachapishwa kwa Kiingereza, ikavuka bahari, ikamfikia Henry Steel Olcott, kanali mstaafu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambaye mwaka 1875 alikuwa ameanzisha Chama cha Theosofia jijini New York pamoja na Helena Blavatsky.

Olcott na Blavatsky walifika Galle mnamo Mei 1880 na wakajitangaza hadharani kuwa Wabudha. Mwaka uliofuata Olcott alitoa kitabu kidogo cha maswali na majibu, kwa mtindo uleule wa katekisimu ambao watoto walikaririshwa misheni. Katika matoleo yake ya baadaye aliandika wazi kwamba neno dini haliufai Ubudha, kwa kuwa huo ni falsafa ya maadili. Hiyo hapo sentensi yetu, imechapishwa kwa wino na kufundishwa katika shule za Kibudha ambazo Olcott mwenyewe alisaidia kuzianzisha.

Kabla hakijatoka, kitabu kile kilipitiwa na mtawa mkuu Hikkaduwe Sumangala, na wawili hao walivutana kuhusu maana ya nirvana. Yaani Mmarekani alitaka Ubudha uliosafishwa, unaokubaliana na sayansi ya wakati wake, huku mtawa akilinda kile walimu wake walichomwachia. Kila mmoja alimhitaji mwenzake. Na watu wa kawaida, waliofurahi kusikia kwamba imani yao ni falsafa kubwa, waliendelea kupeleka maua hekaluni na kuinama mbele ya mti wa Bodhi. Kwao ile sentensi ilikuwa ngao ya kumwonyesha adui. Nyumbani hawakuihitaji.

Yule kijana Don David alikua, akaacha jina la misheni na kujiita Anagarika Dharmapala. Mnamo Septemba 1893 alisimama mbele ya Bunge la Dini za Dunia jijini Chicago na kuueleza Ubudha kama mafundisho yanayoendana na sayansi, yasiyohitaji Muumba. Japani nako, serikali mpya ya Meiji ilikuwa imeutenga Ubudha na dini ya Shinto baada ya 1868, na mahekalu mengi yakavunjwa. Mwanafikra Inoue Enryo akajibu kwa kuupeleka Ubudha darasani. Mwaka 1887 alianzisha jijini Tokyo shule aliyoiita Jumba la Falsafa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Toyo.

Ni rahisi kuona kwa nini walifanya hivyo. Katika karne ya 19 maneno haya yalikuwa na bei. Kitu kikiitwa falsafa, kilikaa mezani na Plato. Kikiitwa ushenzi, kilichomwa moto. Huku kwetu vita hivyo vilipiganwa pia, tena kwa kuchelewa. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, alipochapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1969 kuhusu fikra za Waafrika, aliyaweka maneno yote mawili kwenye jalada, dini na falsafa. Alijua kwamba kuna watu waliokuwa wakitunyima yote mawili.

Hata hivyo, sitaki ionekane kwamba Wabudha wa Ceylon na Japani waliibuni falsafa hiyo pasipo na kitu. Ipo ndani ya maandiko. Kuna kisa cha Malunkyaputta, mtawa aliyemtishia Budha kwamba ataacha utawa asipoambiwa kama ulimwengu una mwisho na kama mtu huishi baada ya kufa. Budha akamfananisha na mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, anayekataa kung'olewa mshale mpaka aambiwe aliyeurusha anatoka ukoo gani na upinde ulikuwa wa aina gani. Atakufa kabla hajajibiwa. Fundisho ni kushughulika na maumivu, chanzo chake na njia ya kuyamaliza. Huhitaji kuamini mungu yeyote kulielewa hilo. Lakini maandiko hayohayo yamejaa miungu, pepo na maisha yaliyotangulia. Anayesema ni falsafa tupu amechagua kurasa. Kuchagua si dhambi. Ninachouliza ni: nani anachagua, na kwa sababu gani?

Hapa ndipo ninapomkumbuka Bhimrao Ambedkar, maana hakuna aliyechagua kwa ujasiri kama yeye.

Ambedkar alizaliwa India mwaka 1891 katika jamii ya Mahar, mojawapo ya jamii zilizoitwa za watu wasioguswa. Shuleni alikaa chini kando na wenzake, na hakuruhusiwa kugusa maji ya kunywa. Alisoma mpaka akapata shahada za udaktari kutoka Columbia na London, na baada ya uhuru akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Mwaka 1927 aliwaongoza watu wake kunywa maji ya bwawa la umma mjini Mahad. Kunywa maji tu, na wakapigwa. Mwaka 1935 akatangaza kwamba alizaliwa Mhindu, jambo ambalo hakuwa na uwezo nalo, ila hatakufa akiwa Mhindu. Kisha akatumia miaka 20 kupima aende wapi.

Alichagua Ubudha, lakini hakuuchukua kama ulivyo. Fikiria mafundisho ya karma na kuzaliwa tena yanavyosikika kwa mtu wa Mahar: unateseka leo kwa sababu ya uliyotenda katika maisha yaliyopita. Maana yake unyonge wako ni haki yako, na anayekukanyaga hana kosa. Ambedkar alikataa. Katika kitabu chake kuhusu Budha na Dhamma, kilichotoka 1957, aliikana karma inayobebwa kutoka maisha hadi maisha, akatilia shaka kama kweli zile nne maarufu kuhusu mateso zilikuwa mafundisho ya Budha mwenyewe, na akasisitiza kwamba Dhamma ni jambo la jamii. Inaanza pale mtu anapolazimika kuishi na mwenzake.

Ukisoma hivyo utasema huyu sasa ndiye mwanafalsafa kamili. Lakini angalia alichofanya tarehe 14 Oktoba 1956 mjini Nagpur. Alisimama mbele ya umati wa mamia ya maelfu, wengi wamevaa nguo nyeupe, akapokea viapo vya Ubudha kutoka kwa mtawa mzee wa Kiburma, U Chandramani. Kisha yeye mwenyewe akawaapisha watu wake viapo 22, miongoni mwake kuacha miungu ya zamani, kutoiba, kutosema uongo, kutokunywa pombe na kuwatendea watu wote kwa usawa. Wiki saba na siku chache baadaye, tarehe 6 Desemba, alifariki.

Mtu aliyetoa ndani ya Ubudha zaidi ya wote alibakiza umati na viapo. Alijua kwamba mtu aliyedharauliwa tangu utotoni habadilishwi na wazo peke yake. Anahitaji kusimama na wenzake, kusema kwa sauti, na kuanzia siku hiyo kuishi tofauti.

Njia iliyotufikisha kwenye programu za simu ilipita kwingine. Waingereza walipomwondoa mfalme wa Burma mwaka 1885, mtawa Ledi Sayadaw alihofia kwamba Ubudha utakosa mlinzi, akaanza kuwafundisha raia wa kawaida kutafakari, jambo ambalo kwa kawaida lilikuwa la watawa. Mwanafunzi wake, mkulima Saya Thetgyi, alimfundisha U Ba Khin, aliyekuja kuwa mhasibu mkuu wa serikali ya Burma huru. Kwa Ba Khin akaja mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, S. N. Goenka, akisumbuliwa na maumivu makali ya kichwa. Mwaka 1969 Goenka alianza kufundisha India, akisema njia hii haina dini, ni ya kila mtu. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts kozi ya kuwasaidia wagonjwa kuishi na maumivu. Mizizi yake ilikuwa ya Kibudha, lugha yake ya kitabibu. Kutoka hapo hadi sauti tulivu inayokuambia uvute pumzi ukiwa kwenye matatu Thika Road, hatua si nyingi.

Sina ugomvi na sauti hiyo. Inasaidia. Lakini katika safari yote hii kuna kitu kilianguka njiani, na si ubani wala sanamu. Kwa Goenka, mwanafunzi hafundishwi kutazama pumzi kabla ya kuahidi mambo matano: kutoua, kutoiba, kutofanya ngono wakati wa kozi, kutosema uongo na kutolewa. Hayo ni sehemu ambayo hata mtu asiyeamini kuzaliwa tena anaweza kuishika bila shida yoyote ya kiakili. Hayahitaji miungu wala hekalu. Ndiyo falsafa yenyewe, kama tunataka kuiita hivyo. Na ndiyo sehemu ambayo programu ya simu haikuulizi, kwa sababu mteja anataka utulivu, si kuulizwa alimlipaje mfanyakazi wake wa nyumbani.

Kwa hivyo nikiulizwa kama inafaa kufuata Ubudha kama falsafa bila kuingia dini, nasema inafaa, na historia iko upande wetu. Olcott alitoa, Inoue alitoa, Goenka alitoa. Ila kila mmoja alitoa akiwa na mzigo mkononi: shule za watoto, mahekalu yaliyovunjwa, wagonjwa, watu walionyimwa maji. Ambedkar alipoiondoa karma hakufanya hivyo ili maisha yawe mepesi. Alifanya hivyo ili wajibu urudi kwa walio hai, kwamba dhuluma ina mwenyewe na tunaweza kumtaja.

Kila mwaka, siku ya kukumbuka kiapo kile, watu hufurika Nagpur. Wanawasha mishumaa, wanainama mbele ya picha ya Ambedkar, wanarudia viapo. Pia wananunua vitabu kwa wingi, kwenye vibanda vilivyopangwa kuzunguka uwanja mzima. Ukisimama pale na kuuliza kama hiyo ni dini au falsafa, nadhani wengi watakutazama kidogo, kisha wakuulize wewe umeapa nini.