Nusu Karne ya Kumdhibiti Mchawi

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kampuni changa ya TSR ilitoa nakala 1,000 za sanduku lenye vijitabu vitatu. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiigiza mhusika wake. Mwongozaji husimulia yanayowakuta, na dadu huamua kama upanga umepata au umekosa. Wahusika walikuwa wa aina tatu: mpiganaji, kasisi na mchawi. Tangu hapo swali moja limewakalia watunzi wa kanuni kooni: mwenye upanga ataandamanaje na mwenye uchawi bila kugeuka mpagazi wake?

Jibu la kwanza lilikuwa kumtoza mchawi bei. Aliruhusiwa kuwazidi wote mwishoni, ila alilipa mapema. Alianza na tabano moja tu kwa siku, na akishalitamka lilimtoka akilini mpaka alisome upya kitabuni. Utaratibu huo ulitokana na hadithi za Jack Vance, mwandishi wa *The Dying Earth* ya mwaka 1950. Mchawi hakuvaa deraya, na silaha yake ilikuwa jambia. Kupanda ngazi ya pili kulimgharimu pointi 2,500 za uzoefu. Mpiganaji alihitaji 2,000.

Nyongeza ya Greyhawk ya mwaka 1975 ilikaza masharti. Uhai wa mchawi ulipimwa kwa dadu ya nyuso nne, wa mpiganaji kwa ya nyuso nane, na pigo la upanga mrefu lilifika pointi 8. Pigo moja lilitosha kumzika mchawi mchanga. Lakini nyongeza hiyohiyo iliyapandisha matabano yake kutoka daraja la 6 hadi la 9. Mvumilivu alikula mbivu kwelikweli: mpira wa moto uliounguza kwa dadu 5 katika ngazi ya 5 uliunguza kwa 10 katika ngazi ya 10, na wakati huohuo idadi ya matabano ya kila siku ilikuwa ikiongezeka. Upanga ulibaki na pigo lilelile.

Kanuni zilizopanuliwa za mwaka 1978 zilimpa mpiganaji kinga. Mchawi akijeruhiwa kabla ya kumaliza kutamka, tabano lilipotea. Uwezo wa kuhimili uchawi ulitegemea ngazi ya anayerogwa, hivyo mpiganaji mkongwe aliponyoka mara nyingi. Na alipofika ngazi ya 9 akajenga ngome, askari walimiminika kumtumikia.

Mwaka 1997 TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast, na toleo la tatu likatoka mwaka 2000, kazi ya Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Walifuta kero nyingi. Wahusika wote sasa walipanda ngazi kwa pointi sawa, mchawi akaweza kutamka kwa tahadhari katikati ya mapigano, na akili yake mwenyewe ikazidisha ugumu wa kuhimili uchawi wake. Kila badiliko lilikuwa na mantiki yake. Yakijumlishwa, bei ilikuwa imefutwa na bidhaa ikabaki. Mchawi wa ngazi ya 20 alikuwa na matabano manne ya daraja la 9 kwa siku, kabla ya nyongeza.

Ajabu ni kwamba mwaka 1987 Tweet huyohuyo, pamoja na Mark Rein-Hagen, alikuwa ametoa Ars Magica, mchezo uliokataa kabisa kumsawazisha mchawi na mpiganaji. Humo wachawi ndio wakuu, na kila mchezaji ana mchawi wake na mhusika mwingine, ili ukuu uende kwa zamu.

Toleo la nne, mwaka 2008, lilichukua njia ya usawa mtupu. Kila mhusika alipata mbinu za wakati wowote, za mara moja kwa pambano na za mara moja kwa siku. Hesabu zilikaa sawa, ila wengi walilalamika kwamba upanga na uchawi vimekuwa kitu kimoja. Mwaka uliofuata Pathfinder, mchezo wa kampuni ya Paizo uliojengwa juu ya kanuni za toleo la tatu, uliwapokea wengi wao.

Toleo la tano, mwaka 2014, lilirudisha sehemu ya bei: matabano mengi ya kudumu yanadai umakini, mchawi hawezi kushikilia mawili ya aina hiyo kwa pamoja, na la daraja la 9 ni moja kwa siku. Marekebisho ya mwaka 2024 yakawapa wapiganaji mbinu za silaha za kusukuma na kuangusha adui.

Tiba hizo karibu zote ni za uwanja wa vita, ilhali mchawi humzidi mwenzake zaidi nje yake: huruka, husoma mawazo, huvuka bara kwa neno moja. Ngome na askari vilimpa mpiganaji sauti katika mambo ya nchi, jambo lisilopimwa kwa pigo la upanga. Toleo la tatu liliondoa haki hiyo katika ngazi zake, na la tano halikuirudisha.