Wishwa

Mpunga ukishatwangwa pale kijijini Wema, kando ya Mto Tana, na kupepetwa, mchele hubaki ungoni, wishwa hupeperuka na kunasa kwenye nyusi. Wengine huita pumba. Na kuongea pumba ni kusema upuuzi.

Masimulizi yanaupa wishwa heshima zaidi. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, akiwa kifungoni, alimwimbia kijakazi Saada ujumbe kwa mama yake: aoke mkate wa wishwa, ndani atie tupa. Mikate ilipoletwa, walinzi wakala ile mizuri, wakamrushia ule wa wishwa. Kisha akaomba ngoma ya gungu. Watu wakipiga na kuitikia, yeye alikereza pingu chini ya kelele zao. Kaburi la Liyongo huonyeshwa Ozi, chini zaidi kando ya mto huohuo.