Kuomba Ruhusa ya Kujitetea: Deni, Karatasi na Mahakama katika Afrika Mashariki

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Msemo huo unachukulia kwamba deni lipo. Je, aliyekwisha kulipa na karatasi ikabaki mkononi mwa mkopeshaji? Je, aliyepokea laki tano akatia saini kwenye laki nane? Katika Tanzania na Uganda, mtu wa namna hii akishtakiwa kwa utaratibu wa muhtasari, kwa mfano juu ya hati ya ahadi ya kulipa, hawezi kujibu madai mpaka kwanza aiombe mahakama ruhusa ya kujitetea. Asipoomba, au akinyimwa, mdai anaweza kupewa hukumu bila ushahidi wowote kusikilizwa.

Kwetu Rusizi jambo hili linashangaza, na ndiyo sababu nimelichagua. Biashara ya Kamembe inavuka daraja kwenda Bukavu na kurudi kila siku, kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa pesa za kukopeshana. Tangu Rwanda ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, tunafanya biashara pia na watu ambao sheria zao za madai zina asili nyingine kabisa. Asili hiyo ndiyo ninayoifuata hapa.

Utaratibu huu ulianzia Uingereza mwaka 1855, kwa sheria iliyojulikana kwa jina la Henry Keating, mbunge na mwanasheria aliyeipigania. Wafanyabiashara walilalamika kwamba wadeni wasio na hoja yoyote walikuwa wanatumia kesi kununua muda. Sheria ikampa mdaiwa siku 12 za kuomba ruhusa, la sivyo hukumu inatoka. Ila ilihusu hati za biashara tu, na mdai alipaswa kufungua kesi ndani ya miezi 6 tangu siku ya kulipa. Nadhani mipaka hiyo ilikuwa na maana: hati ilikuwa bado mbichi, na walioitia saini walikuwa watu wa biashara waliojua wanachokitia saini.

Kutoka Uingereza ilikwenda India, na kutoka India ikaja kwetu. Waingereza walipotawala Zanzibar, Kenya, Uganda na baadaye Tanganyika, hawakuandika sheria mpya. Walichukua sheria zilizokuwa tayari Bombay. Njia hiyo hiyo ilileta neno “hundi”, ambalo wafanyabiashara wa Kihindi walilitumia kabla ya benki yoyote kufunguliwa pwani. Kanuni za Madai za India za mwaka 1908 zilitumika Tanganyika hadi Tanzania ilipotunga Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, na hata hiyo ilibakiza utaratibu wa muhtasari katika Amri yake ya 35.

Lakini Mwafrika wa kawaida enzi za ukoloni hakuombewa ruhusa wala hakuinyimwa. Yeye aliwekewa sheria yake. Kenya mwaka 1903 na Tanganyika mwaka 1931 zilitungwa sheria za kuzuia mikopo kwa “wenyeji”: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kutimiza masharti ya serikali alijiweka katika hatari ya kutosikilizwa mahakamani. Kwa juu inaonekana kama ulinzi. Mimi naona ni kumhesabu mtu mzima kuwa mtoto, na matokeo yake yalikuwa kumfungia duka la mikopo yule aliyetaka kufanya biashara. Mmoja alizibwa mdomo na karatasi aliyoitia saini, mwingine akaambiwa saini yake haina uzito.

Kesi ninayoiona muhimu kuliko zote ni ya mwaka 1938, Hasmani dhidi ya Banque du Congo Belge, katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Benki hiyo ndiyo iliyotoa noti zilizotumika Kongo na Ruanda-Urundi, yaani pia hapa Cyangugu. Kanuni ambayo mawakili wanaitaja kutoka kesi hiyo hadi leo ni kwamba ikiwa kiapo cha mdaiwa kinaonyesha hata hoja moja inayostahili kusikilizwa, apewe ruhusa bila masharti. Maneno hayo mawili ya mwisho ni mazito. Jaji anaweza kusema “jitetee, lakini kwanza weka pesa mahakamani”, na kwa asiye na pesa ruhusa ya namna hiyo ni sawa na kunyimwa.

Kiapo chenyewe nacho kina historia yake. Katika Mahakama Kuu ya Tanzania kiliandikwa kwa Kiingereza, hata kama mkopo ulizungumzwa, ukahesabiwa na kugombaniwa kwa Kiswahili. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa miaka mingi, basi, mdaiwa alihitaji mtu wa kumwombea ruhusa ya kusema kwa lugha asiyoijua.

Upande wetu Wabelgiji walileta mapokeo mengine. Mdaiwa aliitwa, akija alijibu, asipokuja alihukumiwa bila kuwepo, na sheria ikamwachia nafasi ya kuipinga hukumu hiyo. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kufungua mdomo. Lakini karatasi haikupoteza nguvu zake. Nchini Rwanda wakopeshaji wa mitaani wasio na leseni huitwa Banki Lambert, na wanajulikana kwa mbinu moja: badala ya mkataba wa mkopo, mkopaji anatia saini mkataba wa kuuza nyumba au gari lake. Akishindwa kulipa riba, karatasi haimwiti mdeni. Inamwita muuzaji. Anaruhusiwa kujitetea, ndiyo, lakini anajitetea dhidi ya saini yake mwenyewe, na mashahidi waliosaini mara nyingi si wa upande wake.

Kwa deni dogo tunao abunzi, wapatanishi wanaochaguliwa na jirani zao. Kwa sheria ya mwaka 2016, madai ya mali yasiyozidi faranga 3,000,000 yanapita kwao kabla ya mahakama. Mbele yao pande zote husikilizwa, na mtu aliyekuwepo pesa zilipohesabiwa anaweza kuitwa aeleze alichokiona. Nyumba ya Kamembe, hata ya vyumba viwili, ni nadra kuuzwa kwa bei hiyo. Kwa hiyo mikataba ile ya kuuza, ambayo ndiyo inahitaji zaidi shahidi wa namna hii, inakwenda moja kwa moja mahakamani, ambako kinachosomwa kwanza ni karatasi.