Maore: Kisiwa Kilichohesabiwa Peke Yake

Bendera ya Muungano wa Komoro ina nyota nne na mistari minne: njano ya Mwali, nyeupe ya Maore, nyekundu ya Nzwani na buluu ya Ngazidja. Lakini Mkomoro anayetaka kuvuka kutoka Nzwani kwenda Maore, safari ya takriban kilomita 70, hudaiwa viza ya Ufaransa. Kwa Moroni, mji mkuu wa Komoro, visiwa vyote vinne ni nchi moja. Kwa Paris, Maore, au Mayotte kama Wafaransa wanavyoiita, ni mkoa wa 101 wa Jamhuri ya Ufaransa na tangu mwaka 2014 ni sehemu ya Umoja wa Ulaya.

Visiwa hivi vya volkano vimetandazwa kati ya Msumbiji na Madagaska. Ngazidja ndicho kichanga zaidi, na mlima wake wa Karthala ungali unatema moto. Maore ndicho kikongwe: milima yake imeliwa na mvua, na miamba ya matumbawe imekizunguka na kukikingia bahari pana iliyotulia. Eneo la nchi kavu ni kilomita za mraba 374 tu. Wenyeji wengi husema Kimaore, ndugu wa Kiswahili, na wengine Kibushi, chenye asili ya Kimalagasi. Huko Tsingoni, uliokuwa mji wa masultani, uko msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya mwaka 1538. Ni pwani ya Waswahili kwa kila hali, ila serikalini.

Ufaransa iliingiaje? Kwa sababu ya bandari. Ilipokwisha kunyang'anywa Mauritius na Waingereza, ilibaki ikitafuta mahali pa kutia nanga merikebu zake katika Bahari ya Hindi. Maore nayo ilikuwa hoi. Mashambulizi ya wateka watumwa kutoka Madagaska yalikuwa yamekimaliza kisiwa watu, na kiti kilikaliwa na Andriantsoly, mtawala wa Kisakalava aliyekimbia vita kwao Madagaska. Tarehe 25 Aprili 1841 aliwekeana mkataba na Kapteni Pierre Passot wa Ufaransa, akakiuza kisiwa kwa malipo ya piasta 1,000 kila mwaka. Kama mgeni huyo alikuwa na haki ya kuuza ardhi ya wenyewe ni swali ambalo wanasheria wa Moroni hawachoki kuliuliza.

Visiwa vitatu vingine viliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa mwaka 1886. Baadaye vyote vinne vikafanywa koloni moja, vikaunganishwa na Madagaska, kisha vikatengwa nayo mwaka 1946. Hapo Dzaoudzi, kisiwa kidogo ubavuni mwa Maore, ndipo palipokuwa makao makuu.

Mwaka 1958 ikaamuliwa makao yahamie Moroni, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli. Ofisi zilifungwa, kazi zikahama, na wanaume waliokuwa wakipokea mshahara wakazifuata Ngazidja. Waliobaki na machungu ni wanawake. Miaka ya 1960, wakiongozwa na Zéna M'Déré, walibuni silaha ambayo polisi hawakufunzwa kuikabili: kila kiongozi aliyeshuka kutoka Moroni walimzingira na kumtekenya mpaka akarudi chomboni. Kichekesho hicho kilikuwa na siasa nzito ndani yake. Kwa wanawake hao, mtawala wa kuogopwa alikuwa Mngazidja wa jirani kuliko Mfaransa wa mbali. Anayesimulia mgogoro huu kana kwamba ni wa Paris na Moroni peke yao huwa ameruka ukurasa huu.

Wakati huohuo, sauti ya kudai uhuru ilikuwa ikipazwa kutoka Dar es Salaam, kilipokuwa na makao chama cha ukombozi cha MOLINACO, katika mji wenye Wangazidja wengi.

Kura ya uhuru ilipigwa tarehe 22 Desemba 1974. Ukijumlisha visiwa vyote, zaidi ya asilimia 94 walitaka uhuru. Ukiihesabu Maore peke yake, takriban asilimia 64 waliukataa. Basi ugomvi wote umekaa hapo: kura zihesabiwe kwa koloni zima au kwa kila kisiwa? Bunge la Ufaransa lilielemea hesabu ya pili. Ahmed Abdallah, mkuu wa serikali ya ndani ya visiwa hivyo, hakungoja. Tarehe 6 Julai 1975 alitangaza uhuru wa visiwa vyote. Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro ikiwa na visiwa vinne, kwa msingi uleule ambao viongozi wa Afrika waliukubali Cairo mwaka 1964, kwamba mipaka ya kikoloni isiguswe. Februari 1976 wajumbe 11 wa Baraza la Usalama waliitaka Ufaransa iache kura nyingine Maore. Ufaransa ikatumia turufu yake, kura ikapigwa, na karibu wote waliopiga wakachagua kubaki.

Komoro yenyewe haikusaidia hoja yake. Mapinduzi yalifuatana tangu mwezi wa kwanza wa uhuru. Mwaka 1997 Nzwani ilijitangaza kujitenga, na baadhi ya watu wake wakapandisha bendera ya Ufaransa, wakakataliwa na Paris. Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania na Sudan, chini ya Umoja wa Afrika, walishuka Nzwani pamoja na jeshi la Komoro kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa ameshikilia madaraka kisiwani humo. Alikimbilia wapi? Maore, kwa boti.

Hata hivyo, mkataba wa Andriantsoly haukuwatenganisha watu kama ilivyofanya viza ya mwaka 1995. Kabla yake, watu walikwenda harusini, mazikoni na sokoni bila kuulizwa karatasi. Baada yake, safari ileile imekuwa ya usiku, ndani ya boti nyembamba ziitwazo kwassa-kwassa, na waliozama wanahesabiwa kwa maelfu. Watu hawakuacha kuja. Sensa ya mwaka 1958 ilikuta watu wapatao 23,000 Maore. Ya mwaka 2017 ilikuta 256,518, karibu nusu yao wakiwa raia wa kigeni, hasa Wakomoro. Mgeni huyo mara nyingi ni binamu ya mwenyeji.

Kimbunga Chido kilipopiga tarehe 14 Desemba 2024, mitaa ya mabati juu ya vilima vya Mamoudzou, mji mkuu wa Maore, ilisombwa. Wengi wasio na vibali walikuwa wameogopa kwenda kwenye makazi ya dharura wakihofia kukamatwa. Mei 2025 Ufaransa ilikaza zaidi masharti ya uraia kwa watoto wanaozaliwa Maore.

Mzozo huu huibuka hata michezoni. Mwaka 2015 timu ya Komoro ilijitoa katika Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi huko Réunion kwa sababu wanariadha wa Maore waliandamana na bendera ya Ufaransa. Aprili 2025, katika mkutano wa Kamisheni ya Bahari ya Hindi mjini Antananarivo, Rais Emmanuel Macron aliomba Maore ishirikishwe katika jumuiya hiyo. Komoro, ambayo ni mwanachama, ilipinga.