Mistari miwili iliyochelewa

Leo wadau naomba tuweke siasa pembeni, tuzungumze kompyuta. Habari yenyewe ni ya Novemba 2003, lakini kila nikisikia mtu anasema "hilo tatizo lilisharekebishwa zamani" huwa naikumbuka.

Debian ni mfumo unaojengwa juu ya kerneli ya Linux, na wanaoutengeneza ni watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Tarehe 19 Novemba 2003 mtu asiyejulikana aliingia kwenye seva yao mojawapo kwa neno la siri aliloliiba kwa mmoja wao. Akaunti ile ilikuwa ya kawaida tu, haina mamlaka. Lakini muda si mrefu jamaa akawa ndiye msimamizi mkuu wa mashine, na seva nne zikawa zimevamiwa. Nashukuru ghala la programu halikuguswa. Swali likabaki: huyu alipandaje cheo?

Kwenye mashine zile ilikutwa programu iliyofungwa kwa fumbo. Ilipofumbuliwa, wataalamu wa Red Hat na SuSE waliichambua wakakuta inatumia kasoro ya kerneli, sehemu inayoitwa do_brk. Hebu nieleze kwa lugha ya mtaani. Programu ikitaka kumbukumbu zaidi huiomba kerneli, kama mtu anayeomba aongezewe kiwanja. Do_brk ndiye mpimaji. Sasa mpimaji huyu alikuwa hatazami mipaka! Ukimtajia eneo kubwa kupita kiasi anakukatia hadi ndani ya ua wa kerneli yenyewe, na ukishafika humo nyumba ni yako.

Kinachoniuma ni hiki. Kasoro ile ilikuwa imeshaonekana mwezi Septemba, na aliyeiona ni Andrew Morton. Kiraka kiliingizwa kwenye matoleo ya majaribio, 2.6.0-test6 na 2.4.23-pre7. Kwa upande wa 2.4 kilikuwa cha mistari miwili tu: angalia mpaka, ukivukwa kataa. Ila toleo rasmi la 2.4.22 lilikuwa limetoka tangu Agosti, na 2.4.23 lilitoka tarehe 28 Novemba, siku tisa baada ya mwizi kuingia. Na kwa kuwa kiraka hakikutangazwa kuwa ni cha usalama, watunzaji wa matoleo ya zamani hawakuwa na sababu ya kukikimbilia. Dawa ilikuwepo, wagonjwa hawakuambiwa.

Tarehe 1 Desemba Debian walitoa tangazo na kerneli iliyorekebishwa. Hawakuwaambia watu wahamie 2.4.23. Waliichukua ile mistari wakaishona kwenye 2.4.18, kerneli ya Februari 2002 iliyokuwa ndani ya Debian 3.0. Huko ndiko kurudisha kiraka nyuma. Ukihamia toleo jipya unabeba na mabadiliko mengine chungu nzima ambayo hukuyaomba, na seva iliyotulia mwaka mzima inaweza kugoma kesho asubuhi.

Msidhani ni kazi nyepesi. Do_brk ilikuwa rahisi. Mara nyingi kiraka cha kitambaa kipya hakikai kwenye shati kuukuu: sehemu kinapotakiwa kushonwa imehamishwa, imebadilishwa jina, au haikuwepo kabisa. Fundi lazima ayajue mashati yote mawili. Na akimaliza hakuna anayemwona, maana namba inabaki ileile ya 2.4.18. Mkaguzi anayesoma namba tu atasema mashine ni mbovu wakati imeshatibiwa.

Mpaka hapo kila kampuni ilikuwa inashona kivyake. Toleo la 2.6 lilitoka Desemba 2003, na safari hii hakukufunguliwa tawi la 2.7 la majaribio. Mambo mapya yaliendelea kumiminwa humohumo. Wengi walilalamika. Machi 2005 Greg Kroah-Hartman na Chris Wright wakaanzisha tawi la viraka tu, wakianza na 2.6.11.1. Masharti yao yalikuwa makali: kiraka kisizidi mistari 100, kiwe kimejaribiwa, na kitibu kasoro inayosumbua watu kweli.

Lile swali la nani aseme kiraka fulani ni cha usalama halikuisha. Linus Torvalds alishikilia kwamba kasoro ya usalama ni kasoro kama nyingine. Namwelewa, maana anayerekebisha mara nyingi hajui mwizi ataitumiaje. Februari 2024 watu wa kerneli walianza kutoa wenyewe namba za CVE, zile za kuorodhesha kasoro za usalama, na wanazitoa kwa wingi mno. Maofisini watu wananung'unika kwamba wamefurikiwa. Mimi naona afadhali mafuriko hayo kuliko ukimya wa Septemba 2003.

Na ile 2.4 yenyewe, iliyozaliwa Januari 2001? Mwaka 2006 ilitoka mikononi mwa Mbrazili Marcelo Tosatti, ikachukuliwa na Mfaransa Willy Tarreau, huyohuyo aliyeandika HAProxy. Dunia nzima ilikuwa imehamia 2.6, yeye bado anaishonea viraka. Cha mwisho, 2.4.37.11, alikitoa Desemba 2010.